Neno Moja, Kazi Nyingi: Somo juu ya Kufasiri Maneno ya Kila Siku katika Kidenmark



Watu wengi hudhani ya kuwa kufasiri ni kama kubadili fedha: unatoa neno la Kiswahili, unapewa neno la Kidenmark lenye thamani ile ile, kazi imekwisha. Ingekuwa hivyo, kila mwenye kamusi angekuwa mfasiri. Lakini sivyo. Maneno yanayomshinda mfasiri si yale marefu ya vitabuni. Neno kama "treni" au "daktari wa meno" lina maana moja, nalo hupatikana upesi. Yanayomshinda ni maneno madogo tunayoyatumia tangu asubuhi hata jioni bila kuyafikiri: mkono, saa, kujua, kuweka, chake, ndiyo. Katika somo hili nataka kuonyesha kwa nini maneno hayo yana shida, na inampasa mfasiri kufanya nini.

Mtu aweza kuuliza: Kwa nini Kidenmark? Denmark ni nchi ndogo ya kaskazini ya Ulaya, yenye watu wapata milioni 6, na lugha yake ni jamaa ya Kiswidi na Kinorwe. Burundi yetu imejuana na watu wake tangu zamani, maana Wabatisti wa Denmark walianza kazi yao hapa mwaka 1928. Tena wako ndugu zetu wasemao Kiswahili wanaokaa huko leo, wengine wakiwa Wakongo waliopokelewa kama wakimbizi. Sheria iliyoanza huko Julai 2018 iliagiza kwamba mgonjwa aliyekwisha kukaa Denmark zaidi ya miaka 3 alipe mwenyewe, kwa kawaida, gharama ya mkalimani wa hospitali. Basi si ajabu jamaa wakimwita kijana wa nyumbani aende akasaidie. Kijana huyo, mwenye umri kama wetu, anasimama katikati ya mama yake na daktari. Neno moja akilichagua ovyo, anayeumia si yeye.

I. VIUNGO VYA MWILI

Tuanze hapo hapo kwa daktari. Mgonjwa asema, "Mkono wangu unauma." Kwa Kiswahili mkono huanza begani ukafika kwenye ncha za vidole. Wadenmark wana maneno mawili. "Arm" ni mkono kutoka begani, na "hånd" ni sehemu ya mwisho, yenye kiganja na vidole. Mguu nao ni vivyo hivyo: "ben" ni mguu kutoka pajani, na "fod" ni ile sehemu tunayovalia kiatu. Vidole pia wamevitenga. Vya mkono huitwa "finger", na vya mguu huitwa "tå". Neno moja la kila siku la kuvitaja vyote viwili hawana. Mtu akisema tu, "Nimeumia kidole," Mswahili ameridhika, lakini mfasiri hana la kuandika mpaka ajue ni kidole kipi.

Wao nao wana mtego wao katika jambo hili. Neno "ben" maana yake ni mguu, na pia ni mfupa. Mdenmark anayekula samaki akilalamika juu ya "ben", hasemi ya miguu, anasema ya miiba.

Neno la hatari zaidi kwa daktari ni kusikia. Kwa Kiswahili twasikia sauti, twasikia harufu, twasikia baridi, twasikia njaa, twasikia maumivu. Wenzetu wanaosema Kirundi hawashangai, maana "kwumva" ni vivyo hivyo. Lakini kwa Kidenmark "høre" ni kazi ya masikio peke yake. Harufu ni "lugte", maumivu ni "mærke" au "føle", na mwenye baridi husema "jeg fryser". Sasa mgonjwa akisema, "Nasikia vibaya," na mfasiri akaandika "jeg hører dårligt", amemwambia daktari kwamba masikio ya mgonjwa hayasikii sawasawa. Maneno yanayotakiwa ni "jeg har det dårligt", yaani hali yangu ni mbaya. Mgonjwa mwenye homa asije akapimwa masikio.

II. KUJUA

Hapa waliosoma Kifaransa wana faida. Twafundishwa kutenga "savoir" na "connaître", na Wadenmark hufanya vivyo hivyo, kisha wakaongeza neno la tatu.

Najua nyumba ilipo: "jeg ved, hvor huset ligger". Hili latoka katika "vide", kujua habari au jambo.
Namjua mtu yule: "jeg kender manden". Hili ni "kende", kujuana na mtu, au kuzoea mahali.
Najua kuogelea: "jeg kan svømme". Hili ni "kunne", kuweza jambo kwa sababu umejifunza.

Kwa hiyo mtu ajuaye Kidenmark husema "jeg kan dansk", kama kwamba anakiweza. Naona ni njia nzuri ya kusema, maana lugha si habari tu ya kujua kichwani, ni kazi ya kuweza.

Kupenda nako ni hivyo. Nampenda mama yangu na napenda ndizi ni neno moja kwetu. Kwa Kidenmark "elske" ni neno zito la kupenda watu. Ndizi, kwa kawaida, mtu husema "jeg kan lide bananer". Na katikati kuna "holde af", yaani kupenda kwa upole, kama tunavyowapenda rafiki na jamaa.

III. KUWEKA

Katika Kiswahili kitu chochote huwekwa, kikisha kuwekwa kiko. Kitabu kiko mezani, kikombe kiko mezani, ufunguo uko mlangoni. Mdenmark hukutaka useme kitu hicho kikoje: kimelala, kimesimama, kimekaa au kinaning'inia?

Kitabu kilicholazwa mezani: "bogen ligger på bordet". Kitabu hicho hicho kikiwa kimesimamishwa rafuni: "bogen står på hylden". Kikombe husimama, na hata sahani husimama, ingawa kwa macho yetu imelala chali. Koti linaning'inia, "hænger". Ufunguo ulio katika kufuli umekaa, "sidder". Na miji yote imelala: Bujumbura "ligger" kando ya ziwa Tanganyika.

Kwa hiyo kuweka kumegawanyika vile vile. Kulaza ni "lægge", kusimamisha ni "stille", kukalisha ni "sætte", kutundika ni "hænge". Mwanafunzi asijaribu kukariri orodha ya maneno tu. Ajizoeze kukitazama kitu chenyewe kabla ya kufungua kinywa.

Kwenda kuna desturi hiyo hiyo. "Gå" ni kwenda kwa miguu. Ukitoka mji mmoja kwa gari uende mwingine, ukisema "jeg går", watu watakuhurumia kwa safari ndefu ya miguu. Kwa gari ni "køre", kwa baiskeli "cykle", kwa meli "sejle", kwa ndege "flyve". Lakini "gå i skole" ni kuwa mwanafunzi, hata kama waletwa shuleni kwa gari kila siku.

IV. SAA NA SIKU

Saa kwa Kiswahili hufanya kazi tatu. Saa ya ukutani au ya mkononi ni "ur". Saa ya dakika 60 ni "time", na neno hilo hutumika hata kwa kipindi cha darasani. Ukiuliza "Saa ngapi?", husemi "ur" wala "time", bali wasema "Hvad er klokken?", ambayo kwa asili yake ni kutaja kengele.

Shida kubwa ni hesabu. Sisi twahesabu kutoka mapambazuko, wao kutoka usiku wa manane. Saa moja yetu ya asubuhi ni saa 7 yao. Kila mmoja wetu amekwisha kuzoea hilo kwa sababu ya Kifaransa. Lakini Wadenmark wana jambo jingine. Saa moja na nusu yetu, yaani 7.30, wao huita "halv otte", nusu nane. Maana yake si nane na nusu. Ni kwamba wamekwenda nusu ya njia ya kufikia nane. Mkalimani asiyejua hilo atamfikisha mgonjwa hospitalini saa nzima baada ya wakati wake.

Siku nayo ina mambo mawili ndani yake. Mchana, wakati wa mwanga, ni "dag". Usiku na mchana pamoja, yaani saa 24, ni "døgn". Mtu akiagizwa kumeza dawa mara 3 "i døgnet", hesabu ni ya saa 24 zote, usiku ukiwa ndani yake. Hili lielezwe wazi kwa mgonjwa, lisiachwe katika neno siku peke yake.

Hapa Kirundi kina mtego hata kuliko Kiswahili, kwa kuwa "ejo" ni jana na pia ni kesho. Msemaji hujulisha kwa kitendo kinachofuata. Mfasiri anayeharakisha kabla sentensi haijakwisha hawezi kujua kama aandike "i går" au "i morgen".

V. CHAKE NI CHA NANI?

"Petro aliuza shamba lake." Sentensi hii ni fupi, na kila mtoto aielewa. Lakini shamba ni la nani? Huenda ni la Petro mwenyewe. Huenda pia tulikuwa tukizungumza habari za jirani yake, na Petro ameuza shamba la jirani. Kiswahili hakisemi. Kidenmark hakina ruhusa ya kunyamaza. Kama ni lake mwenyewe Petro: "Petro solgte sin mark." Kama ni la mwanamume mwingine: "Petro solgte hans mark." Kama ni la mwanamke: "Petro solgte hendes mark."

Tazameni uzito wa jambo hili. Sentensi ya kwanza yataja mtu aliyeuza mali yake. Ya pili na ya tatu zaweza kumpeleka mahakamani. Mfasiri akichagua kwa kubahatisha, ametoa hukumu asiyopewa mamlaka ya kuitoa.

Yeye nako ni hivyo. Sisi twasema "daktari alikuja, akasema", na msikilizaji hajui kama daktari ni mwanamume au mwanamke, wala haoni kwamba amenyimwa kitu. Mdenmark lazima achague "han" au "hun".

VI. NDIYO, JA NA JO

Neno hili naliona kuwa kubwa kuliko yote. Muuguzi auliza, "Je, hujala kitu tangu jana?" Mgonjwa ajibu, "Ndiyo." Kwetu maana yake ni: ndiyo, hivyo usemavyo ni kweli, sijala. Mdenmark hajibu maneno bali hujibu jambo lenyewe. Ikiwa hakula, hujibu "nej". Ikiwa alikula, hasemi "ja", husema "jo", neno la kukanusha lile "hujala" la muuliza. Wenye Kifaransa wafikiri juu ya "si": "Tu n'as pas mangé?" "Si!" Hiyo ndiyo "jo".

Sasa mgonjwa anangoja kupasuliwa, naye ametakiwa awe na tumbo tupu. Amesema "ndiyo", yaani hakula. Mkalimani akisema "ja", muuguzi anabaki na shaka, au adhani kwamba amekula. Na ikiwa mambo yamekwenda kinyume chake, hatari ni kubwa zaidi. Kwa hiyo neno hili lisifasiriwe peke yake kamwe. Mkalimani na ageuze jibu kuwa sentensi nzima: "Nej, jeg har ikke spist." Sijala. Hapo hakuna awezaye kukosea.

VII. KUPIGA, NA HABARI ZA NGOMA

Kupiga ni mtumishi wetu wa kazi zote, lakini katika Kidenmark kila kazi ina mtu wake. Kumpiga mtu ni "slå". Kupiga simu ni "ringe". Kupiga picha ni "tage et billede", kuchukua picha. Kupiga pasi ni "stryge", kupiga kura ni "stemme", kupiga magoti ni "knæle", kupiga hodi ni "banke på". Anayefasiri yote kwa "slå" atawapa Wadenmark picha ya nchi yenye ugomvi mwingi. Na kama mnadhani "slå" lao ni neno la ngumi tu, jueni kwamba hata kukata nyasi kwa fyekeo ni "slå græs".

Kupiga ngoma ni "slå på tromme". Lakini neno ngoma lenyewe lina mzigo. Kwa Kiswahili ni chombo, na pia ni mchezo wa watu wanaocheza. Cha kwanza ni "tromme", cha pili ni "dans". Kwa Kirundi tena "ingoma" ni ngoma, na ni ufalme. Ngoma zetu za kifalme, zilizoandikwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa wanadamu, zilikuwa sauti ya mfalme mpaka ufalme ulipokwisha mwaka 1966. Mdenmark akisoma "tromme" hataona mfalme ndani yake, ingawa nchi yake mwenyewe ni ufalme mpaka leo. Hapo mfasiri hana neno moja la kumwokoa. Inambidi aongeze maneno machache ya kueleza, wala si aibu.

VIII. MAHALI WANAPOKUBALIANA NASI

Msikate tamaa, kuna mahali ambapo Kidenmark ni jirani yetu kuliko Kifaransa. Kifaransa husema "oncle" kwa ndugu wa baba na wa mama. Wadenmark wana "farbror" kwa baba mdogo au baba mkubwa, na "morbror" kwa mjomba. Shangazi ni "faster", mama mdogo ni "moster". Wao hata wametupita, kwa maana babu kwetu ni babu, lakini kwao baba wa baba ni "farfar", na baba wa mama ni "morfar". Bibi naye ni "farmor" au "mormor".

Vile vile kuazima kwetu ni kutoa na ni kupokea. "Låne" ni hivyo hivyo. Na kusoma, ambako kwetu ni kutazama kitabu na pia ni kuwa katika masomo, wao huita "læse" kwa maana zote mbili.

Nao wana maneno yao ya kututega. "Lære" ni kujifunza na ni kufundisha. "Træ" ni mti uliosimama msituni, na ni mbao ya kiti unachokalia. "Gift" ni sumu, na pia ni kuwa na mume au mke. Mgeni akiona neno hili juu ya chupa, asifikiri kwamba ni zawadi ya arusi.

IX. MFASIRI AFANYE NINI?

Nimeona ya kuwa kila lugha ina mahali pa kunyamaza. Kiswahili hunyamaza juu ya kidole kipi, shamba la nani, mwanamume au mwanamke. Kidenmark hakinyamazi hapo. Kwa hiyo mfasiri hufika mahali ambapo anatakiwa kusema jambo ambalo msemaji hakulisema. Kamusi haiwezi kumsaidia, kwa sababu habari yenyewe haimo katika neno. Imo katika kichwa cha msemaji. Basi nafikiri kanuni ni hizi:

1. Usifasiri neno kabla ya kusikia sentensi yote.
2. Jiulize neno lafanya kazi gani hapa, wala si neno lamaanisha nini katika kamusi.
3. Kama lugha ya pili yataka habari ambayo hukupewa, mwulize msemaji. Kuuliza si ujinga. Kubuni ndiko kubaya, maana msikilizaji atadhani ni maneno ya mwenyewe.
4. Kama hakuna neno, eleza kwa maneno mengi, kisha mwambie msikilizaji kwamba unaeleza.

Vijana wengine huona haya kuuliza, wakihofu kwamba wataonekana hawajui lugha. Mimi naona ni kinyume. Anayeuliza "Kidole cha mkono au cha mguu?" ndiye aliyezijua lugha zote mbili, kwa kuwa ameona mahali zinapoachana.

ZOEZI

Toa neno la Kidenmark linalofaa mahali pa neno lililotajwa katika mabano.

1. Nasikia harufu ya moshi. (kusikia)
2. Sahani iko mezani. (iko)
3. Naujua mji huu vizuri. (kujua)
4. Saa yangu imeharibika. (saa)
5. "Hukuja jana?" "Ndiyo, sikuja." (ndiyo)
6. Babu, baba yake mama, ni mkulima. (babu)
7. Njoo saa moja na nusu asubuhi. (saa moja na nusu)
8. Dada amepiga simu. (kupiga)
9. Mtoto ameumia kidole. (kidole)

Majibu: 1. lugte. 2. står. 3. kende. 4. ur. 5. nej. 6. morfar. 7. halv otte. 8. ringe. 9. Aliyeandika "finger" amekosa, na aliyeandika "tå" amekosa vile vile. Jibu la haki ni kumwuliza mtoto.